Asidi Ndiyo Huongezwa Kwenye Maji, Si Maji Kwenye Asidi

Huku shule za sekondari zikijiandaa kwa mtihani wa vitendo wa kemia wa KCSE, walimu na wahudumu wa maabara wamehimizwa kuwa waangalifu wanapozimua asidi kali.

Asidi ya salfuriki isiyozimuliwa huwa na nguvu ya takriban asilimia 98, na hutoa joto jingi inapokutana na maji. Maji ni mepesi kuliko asidi hiyo. Yakimiminwa juu yake, huchemka papo hapo na kurusha matone ya asidi usoni. Kwa hivyo, asidi ndiyo humiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo, huku yakikorogwa. Anayefanya kazi hiyo avae miwani ya kinga, glavu na koti la maabara.

Asidi ikimrukia mtu, avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji ya mfereji kwa angalau dakika 20, hasa machoni, kisha apelekwe hospitalini. Asipakwe mafuta wala magadi.

Wakazi wenye asidi ya betri nyumbani wasiiweke kamwe kwenye chupa ya soda. Hufanana na maji, na mtoto anaweza kuinywa.