Peptidi kwenye Lebo: Lugha na Uteuzi wa Seramu ya Uso Kamwokya

Mnunuzi wa seramu ya uso mtaani Kamwokya, Kampala, huvutwa na neno "peptidi" lililo mbele ya chupa, nalo pale ni neno la tangazo kuliko la kemia. Peptidi ni minyororo mifupi ya asidi amino. Zipo nyingi, na ushahidi wa moja hauithibitishi nyingine. Uteuzi wa maana huanzia nyuma ya chupa, kwenye jina mahususi, mathalani Palmitoyl Pentapeptide-4. Nafasi ya jina hilo orodhani haitoshi: viambato vilivyo chini ya asilimia 1 huruhusiwa kupangwa vyovyote, na peptidi hutumiwa kwa viwango vidogo mno. Asiyeweza kuisoma lebo ya Kiingereza hulipia tangazo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, kitumike pale Bunge litakapoainisha kwa sheria. Lebo ya vipodozi yastahili kuwa miongoni mwa mahali hapo.