Doa la Manjano Ndani ya Taa ya Sola

Jua likizama Dadaab, kwenye kambi zilizoanzishwa mwaka 1991 katika Kaunti ya Garissa, taa ndogo za sola huanza kuwaka. Iangalie moja kabla haijawashwa: nyuma ya plastiki yake kuna vidoa vya manjano, rangi ya kiini cha yai. Iwashe, mwanga ni mweupe.

Umanjano huo ndio wenye kazi. Chini ya kila doa kuna kipande cha LED kinachotoa mwanga wa buluu, wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 450 hivi. Nanomita milioni moja ndizo milimita moja. Juu yake umepakwa unga wa itriamu, alumini na oksijeni, uliotiwa seriamu kidogo sana. Elektroni ya seriamu hufyonza buluu na kupanda juu. Kabla ya kushuka hupoteza nishati kidogo kwa njia ya joto, hivyo mwanga inaoutoa una mawimbi marefu zaidi, karibu nanomita 550: manjano. Buluu iliyopenya na manjano hiyo zikiingia jichoni pamoja, huonekana nyeupe.

LED kali ya buluu ilitengenezwa Japani na Shuji Nakamura mwaka 1993. Mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Lakini seriamu ilikuwa madukani zamani, ndani ya karabai. Kile kifuko cheupe kilichong'aa juu ya mafuta ya taa kilifuata mchanganyiko wa Mwaustria Carl Auer von Welsbach wa mwaka 1891: oksidi ya thoriamu sehemu 99, ya seriamu sehemu moja. Bila hiyo moja, mwanga ulikuwa hafifu. Ila karabai ilitoa joto jingi kuliko mwanga, na Garissa haina upungufu wa joto.

Seriamu huhesabiwa miongoni mwa madini adimu, jina lisiloistahili sana, kwani katika ardhi inakaribia wingi wa shaba. Ugumu ni kuitenga na ndugu zake.

Tukirudi kwenye taa za sola, mradi wa KOSAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017, ulilenga kupeleka sola katika kaunti 14, zikiwemo Garissa, Wajir na Mandera. Mnunuzi kwa kawaida huuliza betri itadumu saa ngapi. Muuza nguo angeuliza pia kuhusu rangi: unga wa seriamu pekee una upungufu wa wekundu, na usiku shuka jekundu hufifia likakaribia kahawia. Watengenezaji wa taa za bei ya juu huongeza unga wenye yuropiamu, ambayo hugeuza buluu kuwa nyekundu.