Ngojangoja Huumiza Matumbo: Kwa Nini Majibu ya Maabara Hukawia

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Huku kwetu Timboroa, baridi ya asubuhi humfanya mtu asahau hata jina lake. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelipitia bila kulifikiria sana, nalo ni kungoja majibu ya hospitali. Unatolewa damu Jumatatu, kisha unaambiwa, "Rudi Alhamisi." Wengi hudhani kwamba siku hizo zote mashine inachapa kazi usiku na mchana. La hasha! Katika vipimo vingi mashine humaliza kazi yake kwa dakika au saa chache tu. Siku zinazobaki huliwa na mambo mengine, na mengi ya mambo hayo yanaweza kurekebishwa.

Hebu tuchukue mfano wa hapa shuleni. Mwalimu wa Kiswahili akiketi kusahihisha insha moja, pengine atatumia dakika kumi. Mbona basi tunangoja wiki mbili? Ni kwa sababu insha yako imelala katika rundo. Inangoja insha za mkondo ule mwingine ziletwe, inangoja alama ziandikwe, halafu inangoja kipindi chetu kifike. (Walimu wetu wapenzi, msinikasirikie, huu ni mfano tu!) Sampuli ya damu nayo hulala katika rundo vivyo hivyo.

Safari ya kipimo ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kabla ya kupima: daktari anaandika kipimo, damu inatolewa, chupa inabandikwa jina, kisha inapelekwa maabara. Ya pili ni kupima kwenyewe. Ya tatu ni baada ya kupima: majibu yanakaguliwa, yanaandikwa na kumrudia daktari ili mgonjwa atibiwe. Muda wa majibu ni lazima uhesabiwe tangu mwanzo wa safari hadi mwisho wake. Maabara ikijisifu kwamba imepima kwa saa moja, na karatasi ya majibu ikalala siku tatu juu ya meza, mgonjwa amefaidika nini?

Jambo hili si mchezo. Chukua mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi. Kipimo cha kawaida cha watu wazima, kile cha dakika kumi na tano au ishirini, hakimfai. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, na kingamwili za mama zinaweza kukaa katika damu ya mtoto hadi miezi 18. Kwa hiyo hutafutwa kirusi chenyewe. Mtoto anapofikisha wiki sita hivi, hutobolewa kisigino na matone ya damu hudondoshwa juu ya karatasi maalum. Karatasi hiyo hukaushwa, ikatiwa katika bahasha na kusafirishwa bila hata barafu hadi maabara kubwa. Nchini Kenya maabara kama hizo zimekuwa chache, zikiwemo za KEMRI kule Nairobi na Kisumu, na ile ya AMPATH mjini Eldoret.

Sasa tazama kinachoshindaniwa. Watoto walioambukizwa wasipotibiwa, karibu theluthi moja hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na karibu nusu kabla ya miaka miwili. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuwaanzishia watoto dawa mapema, bila kungoja dalili, kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Waswahili husema, chelewa chelewa utapata mwana si wako. Hapa methali hiyo haina mafumbo tena. Bahasha iliyosahaulika katika droo ya zahanati inaweza kuwa uhai wa mtoto.

Je, ilihitajika mashine mpya kupunguza siku hizo? Nchini Zambia walijaribu kitu rahisi, yaani majibu ya watoto kutumwa zahanati kwa ujumbe mfupi wa simu badala ya kungoja karatasi irudi kwa gari. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2012 ilisema kwamba wastani wa kungoja ulishuka kutoka siku 44 hivi hadi siku 27 hivi. Kumbe siku nyingi zilikuwa zikipotelea barabarani!

Kifua kikuu nacho kina kisa chake. Tangu Robert Koch atangaze kugundua kiini cha ugonjwa huu mwaka 1882, hadubini imekuwa tegemeo la wapimaji wa makohozi. Lakini hadubini huwakosa wagonjwa wengi, na kuvikuza vijidudu katika chupa huchukua wiki kadhaa. Sababu yake ni ya kibayolojia. Bakteria wengine wa kawaida wanaweza kugawanyika kila dakika 20, lakini yule wa kifua kikuu huhitaji karibu siku nzima. Mwezi Desemba 2010, Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na kuonyesha pia kama ugonjwa unaweza kuikataa dawa ya rifampisini. Hata hivyo, saa mbili hizo hazina maana ikiwa makohozi yanangoja pikipiki kwa wiki nzima. Siku hizo mgonjwa anaendelea kupanda matatu iliyofungwa madirisha kwa sababu ya baridi yetu, na anakohoa katikati ya abiria kumi na wanne.

Sisi tunaokaa kando ya barabara kuu tulishuhudia mfano mwingine mwaka 2020, wakati wa Korona. Malori yapitayo hapa kwetu kuelekea Eldoret na Uganda yalikwama Malaba, kwani madereva walitakiwa kupimwa na kungoja majibu kabla ya kuvuka. Foleni ilifika makumi ya kilomita. Madereva walilala ndani ya malori siku nyingi, na bidhaa zikakawia kufika Kampala na Kigali. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba maabara ikikawia, hata duka la sukari linaweza kukosa sukari.

Dawa ya tatizo hili ni nini basi? Ya kwanza ni kuandika saa. Saa damu ilipotolewa, saa ilipopokelewa, saa ilipopimwa, na saa majibu yalipochukuliwa. Usipoandika, kila mtu atamlaumu mwenzake: daktari atasema maabara, maabara watasema dereva. Ukiandika, utaona ni wapi muda unapokwama.

Ya pili ni kutenga sampuli za dharura. Damu ya mama anayevuja damu akijifungua haiwezi kupanga foleni nyuma ya kipimo cha mtu anayeomba kazi. Ya tatu ni kuchukua sampuli vizuri mara ya kwanza. Chupa isiyo na jina hukataliwa. Damu iliyotikiswa sana chembe zake hupasuka na kuharibu majibu, na mgonjwa huitwa upya. Tena, kuchelewa kwenyewe huharibu. Damu ikiachwa tu mezani, chembe zake huendelea kula sukari, na kiasi cha sukari hushuka kwa asilimia 5 hadi 7 hivi kila saa. Ya nne ni kuwa na akiba ya vifaa na jenereta, maana umeme ukipotea hata mashine ya mamilioni inakuwa kabati tu.

Mambo haya yanafundishika. Mwaka 2009 mjini Kigali ulizinduliwa mpango wa kuwanoa wasimamizi wa maabara barani Afrika. Walifundishwa kupanga kazi, kisha kila mmoja alirudi kwake na jukumu la kurekebisha jambo fulani na kupima kama limerekebika. Baadhi yao walichagua muda wa majibu.

Lakini ngoja kwanza! Wahenga pia walisema haraka haraka haina baraka. Kuna kungoja kwa lazima. Damu ya kupimwa majimaji yake huachwa igande kama nusu saa kabla ya kuzungushwa. Mkojo unaooteshwa bakteria huhitaji kulala usiku kucha. Mashine nayo hupimwa kwanza kwa sampuli ambayo jibu lake linajulikana. Mpimaji akiruka hatua hiyo ili awahi, atatoa jibu la haraka lakini la uongo, na mgonjwa atameza dawa ya ugonjwa asio nao. Kazi ni kuondoa kungoja kusiko na faida na kuacha kule kwenye faida.

Nasi tuna sehemu yetu. Ukienda kupimwa, taja jina lako kamili na nambari ya simu inayopatikana. Ukiambiwa usile kabla ya kipimo, usile. Uliza majibu yatatoka siku gani, na siku hiyo uende kuyachukua. Na wewe unayependa Kemia na Bayolojia, kumbuka kwamba KMTC wana tawi pale Eldoret. Siku moja utakapovaa koti jeupe na kuikuta bahasha imelala katika droo, tafadhali usiipite.