Somo la Redio: Kuchagua Priamplifaya

Shikeni kalamu na madaftari. Leo tutajifunza kuchagua chombo cha muziki kwa kusoma maandishi yake, si kwa kutazama bei yake.

Tuseme ndugu mmoja wa Uyole ameuza viazi. Nyumbani ana gramafoni, amplifaya mbili na spika zake. Sasa anataka kununua priamplifaya ya bei kubwa. Fedha hiyo ni jasho la mwaka mzima. Je, aulize nini dukani?

Kwanza tujue kazi ya chombo hiki. Priamplifaya hukaa kati ya gramafoni na amplifaya. Sindano za gramafoni nyingi hutoa umeme mdogo sana, kama milivolti 5 hivi. Amplifaya nyingi huhitaji karibu volti 1, yaani milivolti 1000. Basi umeme ule lazima ukuzwe mara 200. Ni kama kijito kidogo: hakizungushi kinu mpaka maji yakusanywe kwanza.

Sasa andikeni maswali manne.

La kwanza: Je, amplifaya yangu haina priamplifaya ndani yake? Ikiwa ina kifundo cha kuchagua redio au gramafoni, na kingine cha kupandisha sauti, kwa kawaida unayo tayari. Usinunue mara mbili.

La pili: Je, ina tundu la gramafoni? Wakati wa kurekodi santuri sauti nene hupunguzwa, na sehemu hiyo huirudisha. Priamplifaya nyingi za bei kubwa hazina tundu hilo. Ukizinunua, santuri zako zitanong'ona tu.

La tatu: Omu ni ngapi? Omu ni kipimo cha kizuizi cha umeme. Omu za kuingilia katika amplifaya ziwe mara 10, au zaidi, ya omu za kutokea katika priamplifaya. Amplifaya mbili zenye omu 20,000 kila moja, zikiungwa pamoja kwenye tundu moja, huwa omu 10,000. Priamplifaya ya omu 600 huhitaji 6,000 tu. Basi inafaa.

La nne: Inatumia volti ngapi? Umeme wa nyumba zetu ni volti 230. Marekani ni 120, Japani ni 100. Chombo cha huko kikichomekwa hapa bila transfoma chaweza kuungua mara moja.

Ukifika nyumbani, washa priamplifaya kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya. Hivyo spika hazitapata kishindo.

Zoezi: Priamplifaya ina omu 2,000. Amplifaya yako moja ina omu 10,000. Je, zinafaa pamoja? Pigeni hesabu, kisha mjadiliane na mwalimu wenu.

Asiyejua kusoma huuziwa bei. Ajuaye kusoma hununua chombo. Kwaherini, ndugu wanafunzi.