Sangala ameuma, halafu anaponyoka: tufanye nini?



Mwezi wa nane tulikuwa na mkutano na koperative moja ya kando ya ziwa, upande wa Baraka, juu ya kugawa miti ya mihogo ya kupanda. Mzee mmoja, ambaye siku zote anafika wa kwanza, siku ile alifika wa mwisho. Kidole chake kilikuwa kimefungwa kitambaa, juu nailo ilikuwa imekikata. Akakaa, akanyamaza kidogo, halafu akasema: «Bwana agronomu, leo nimepoteza minervali ya mtoto.»

Sangala mkubwa alikuwa ameuma asubui. Mzee akamvuta muda mrefu, akamfikisha kando ya mtumbwi, akaona hata macho yake. Samaki akatikisa kichwa mara mbili, ndoana ikatoka, akazama. Masomo yalikuwa karibu kufunguliwa.

Tulipouliza wengine, kila mmoja alikuwa na hadithi yake kama hiyo. Basi tukaomba kutoka nao kwa mitumbwi, tuone na macho yetu. Sisi ni watu wa mashamba, uvuvi hatukuusomea sana. Haya tunayoandika hapa mengi tumeyapata kwa wavuvi wenyewe. Kazi yetu imekuwa kuyapanga vizuri na kueleza sababu yake.

Kwa nini ndoana katika gazeti ya wakulima?

Juu wanachama wetu wengi wa Uvira, Fizi, Kalemie na Moba wako na miguu miwili: mmoja shambani, mwingine ziwani. Kiangazi shamba linapopumzika, ziwa ndilo linalisha nyumba. Na uvuvi wa ndoana hauombi pesa nyingi. Tena haukokoti watoto wa samaki, kama vile wavu wa kukokota ao musikitere.

Lakini ndoana inaleta samaki mmoja mmoja. Kila anayeponyoka ni hasara unayoiona waziwazi. Na masangala wakubwa si wengi tena. Ziwa Tanganyika liko na aina 4 za jamaa ya sangala ambazo hazipatikani fasi nyingine duniani: tatu ni kubwa, ya nne ni mikeke wetu. Tangu miaka ya 1950, meli za nyavu kubwa zilipoanza kazi, wale wakubwa walipungua sana. Samaki anayekwenda na ndoana kooni anaweza kufa huko chini bila kumfaidia mtu. Kumpoteza ni kumpoteza kwa ziwa pia.

Kwanza ujue anaponyokea wapi

Shamba likikosa mavuno, hatukimbilii dawa. Tunauliza kwanza: ni mbegu, ni udongo ao ni wadudu? Kwa samaki ni vilevile. Kuna nyakati tatu za kumpoteza, na kila moja iko na sababu yake.

Akiponyoka palepale anapouma, tazama ndoana: haikuingia vizuri.

Akiponyoka katikati, wakati unamvuta, tazama nailo na uzito wa chambo: nailo ililegea, ao chambo kilimsaidia kuing'oa ndoana.

Akiponyoka kando ya mtumbwi, tazama mikono yako na ya mwenzako.

Mtu anayesema tu «ni bahati mbaya» atapoteza tena kesho.

Ndoana: kali, tena yenye nafasi

Mdomo wa sangala si laini wote. Taya ya juu iko na mfupa mgumu, ndani meno yake ni madogo madogo kama brosi. Ndoana butu inateleza juu ya mfupa, inashika ngozi nyembamba tu, kisha ngozi inapasuka. Fasi nzuri ni pembe ya mdomo, pale taya mbili zinapokutana. Hapo nyama ni ngumu na ndoana inakaa.

Jaribu ndoana yako kwenye ukucha wa kidole gumba. Iguse tu, bila kukandamiza. Ikiteleza, ni butu. Ikikwama, inafaa. Chukua tupa ndogo, piga polepole ukienda upande wa ncha, pande zote, kisha jaribu tena. Fanya hivyo kabla ya kutoka, na tena kila mara ndoana ikigusa jiwe. Ndoana iliyokula kutu usiinoe: tupa. Ukirudi, ikaushe na uipake mafuta ya mawese kidogo.

Jambo la pili ni nafasi kati ya ncha na mti wa ndoana. Tuliona wengi wanatumia samaki mkubwa kama chambo na ndoana ndogo. Ule mwili unajaza nafasi yote, ncha inabaki imefichwa. Sangala anafunga mdomo juu ya chambo, unavuta, chambo kinatoka na ndoana ndani yake. Chambo kikubwa kinataka ndoana pana, na ncha ionekane inje. Chambo kikiwa hai, pitisha ndoana kwenye pua ao kwenye ngozi ya mgongo, si katikati ya nyama nene.

Chambo kizito ni nyundo

Hapa kuna siri ambayo wengi hawakuijua. Vijana wa koperative ile wanachonga samaki wa mbao, wanamtia risasi tumboni ili azame, halafu wanafunga ndoana imara kwenye mwili wake. Sangala anampenda. Lakini akiumwa na ndoana, anapanda juu, anafungua mdomo na kutikisa kichwa. Ule mti na ile risasi vinapigapiga huku na huku kama nyundo ya kung'oa msumari. Samaki hahitaji nguvu nyingi: uzito wako mwenyewe unamfungulia mlango.

Wavuvi wa mbali wako na shida ileile. Huko Marekani kuna samaki anaitwa bass, mwenye mdomo mkubwa na mla-samaki kama sangala. Katika mabwawa ya California wanamvua kwa samaki bandia wakubwa na wazito, wanaoigwa kutoka kwa trauti. Nao walilia vilevile: anauma vizuri, anaruka, anatikisa, anakwenda. Dawa moja waliyopata ni rahisi, na inafaa hata kwa mti wetu: nailo isifungwe kwenye samaki wa bandia, ipite ndani yake.

Fanya hivi. Toboa tundu toka mdomoni hadi tumboni kwa msumari wa moto. Pitisha nailo. Funga ndoana mwishoni mwa nailo, kisha ishikishe kidogo tu chini ya tumbo kwa uzi mwembamba ao kipande kidogo cha mpira. Samaki akiuma na ukavuta, ule uzi unakatika, ndoana inabaki mdomoni, na mti unateleza juu ya nailo, mbali na kichwa chake. Sasa anatikisa ndoana nyepesi peke yake. Nyundo imeondoka.

Kijana mmoja alijaribu mbele yetu. Sangala alipofungua mdomo juu ya maji, tuliona samaki wa mbao amepanda kwenye nailo, karibu urefu wa mkono mzima. Ndoana haikutingisika. Mzee wa kidole alikuwa katika mtumbwi ule. Alisema tu: «Kumbe.»

Nailo isilegee

Ndoana inashikwa na uvutaji wako. Nailo ikilegea hata kidogo, ndoana inageuka na kutoka kwa tundu ileile iliyoingilia. Kwa hiyo:

Anapouma, usipige mara nyingi nyingi. Ngoja usikie uzito wake, kisha vuta mara moja, mvuto mrefu wa mkono mzima. Nailo inanyooka kama mpira, na ukiwa umeiteremsha mbali chini, mvuto mfupi haufiki kwa samaki. Kamba ya kusokotwa hainyooki sana: hapo mvuto mdogo unatosha, ukizidisha utapasua mdomo.

Kama unavua ukipiga kasia, mwenzako asiache kasia palepale samaki anapouma. Aendelee polepole hadi uishike nailo vizuri.

Akikimbia, mwachie nailo ipite kati ya vidole, lakini kwa kuizuia. Vaa vidoleni kipande cha mpira wa ndani wa kinga. Nailo haitakukata, na hautalazimika kuilegeza kwa uchungu.

Akipanda juu aruke, teremsha mkono karibu na maji na uvute kwa upande. Ukivuta kwa juu, unamsaidia kutoa kichwa inje, na kichwa kikiwa inje ndipo anatikisa.

Kiangazi upepo wa kusini unaleta mawimbi. Mtumbwi ukipanda, nailo inakaza, ukishuka, inalegea. Mkono wako ufuate wimbi. Mikeke ndiye anataka uangalifu huo zaidi, juu mdomo wake ni laini na unapasuka upesi. Mvute kwa mwendo mmoja, bila kushtua.

Kando ya mtumbwi

Hapa ndipo mzee alipoteza minervali. Samaki akiona mtumbwi, anapata nguvu mpya. Ukimwinua kwa nailo, uzito wake wote unaning'inia kwenye tundu dogo la ndoana, ambalo limekwisha panuka kwa kuvutana.

Usimwinue kwa nailo. Tengeneza wavu wa mkono: fito ya kupinda, kipande cha wavu wa zamani, mpini mfupi. Uzamishe kwanza majini, utulie, kisha umwongoze samaki aingie kichwa mbele. Ukimfuata na wavu kwa mkia, ataruka. Na mmoja tu atoe amri: anayeshika nailo. Mwenzake asisimame, asipige kelele. Angalia pia mifuniko ya mashavu ya sangala: iko na miiba inayokata mkono na nailo. Kwa hiyo mkono wa mwisho wa nailo, ule unaogusa samaki, uwe mnene zaidi. Upapase kila siku. Ukisikia mkwaruzo, kata na ufunge upya, na ulowanishe fundo kwa mate kabla ya kulikaza.

Ya kuacha

Kuhe akiwa na watoto wake, baba na mama wanawalinda pamoja. Wanauma chambo kwa kukifukuza, si kwa njaa. Ukitoa wazazi, watoto wote wanaliwa. Ukiwaona, pita. Na kabla ya kutoka, muulize mkubwa wa uvuvi wa kwenu juu ya siku ambazo ziwa limefungwa.

Daftari ya koperative

Tunaomba kila kikundi kiwe na daftari moja. Kila jioni andikeni mambo manne: walioumwa, walioingia mtumbwini, walioponyoka, na wakati gani waliponyoka (mwanzo, katikati, kando). Baada ya mwezi mmoja daftari itawaonyesha wenyewe ni wapi pa kutengeneza. Mpange basi kununua pamoja tupa moja na ndoana nzuri: kwa wengi, beyi inakuwa nyepesi.

Mzee wa Baraka tulimwona tena wakati wa kupanda mihogo. Alikuwa na wavu wa mkono begani, fito yake bado mbichi. Tulimwuliza juu ya mtoto. Akasema anasoma, lakini kwa deni; sasa analipa kidogo kidogo, samaki kwa samaki. Ndiyo maana, akasema, hapendi tena mmoja amtoroke.