Mfadhili akija na msaada shuleni, wazazi waulize nini?

Tuseme mfadhili amejitokeza katika shule ya mtoto wako. Hana mamilioni. Ana Sh100,000 tu, na anauliza zitumike vipi. Wazazi wengi watataja vitabu, wengine madawati, wengine kupaka kuta rangi. Lakini je, hicho ndicho kinachowazuia watoto kusoma?

Yaliyotokea Busia, magharibi mwa Kenya, yana mafunzo kwa kila mzazi. Katika miaka ya 1990, ICS, shirika la misaada kutoka Uholanzi, lilikuwa likisaidia shule za msingi huko. Mwanauchumi Mmarekani Michael Kremer na wenzake walishauri msaada utolewe kwa awamu, ili shule zilizopata zilinganishwe na zilizokuwa bado zinasubiri. Mwaka 2019 Kremer alikuwa miongoni mwa watatu walioshinda Tuzo ya Nobel ya Uchumi kwa utafiti wa aina hiyo.

Mwaka 1996 shule 25 zilipewa vitabu vya kiada. Ajabu ni kwamba alama za wastani hazikupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi hiyo ilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili.

Mwaka 1998 ulianza mradi wa dawa za minyoo katika shule 75 zenye wanafunzi takriban 30,000. Vipimo vilionyesha kuwa zaidi ya watoto 9 kati ya 10 walikuwa na angalau aina moja ya minyoo, ikiwemo ya kichocho. Minyoo ya safura hunyonya damu, na mtoto aliyepungukiwa damu huchoka haraka. Wengine huumwa tumbo na kubaki nyumbani.

Baada ya dawa, utoro ulipungua kwa takriban robo. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa mayai ya minyoo yanayosambaa kwenye udongo na maji yalipungua. Gharama ilikuwa chini ya dola 1 kwa mtoto kwa mwaka.

Hata hivyo, dawa si muujiza. Alama za mitihani hazikupanda, na wataalamu bado wanabishana kuhusu ukubwa wa faida zake pale minyoo si mingi.

Mradi mwingine, ulioanza mwaka 2001, uliwalenga wasichana wa darasa la sita katika wilaya za Busia na Teso. Waliofanya vizuri zaidi katika mtihani walifadhiliwa kwa miaka miwili: kila mwaka shule ililipwa Sh500 za karo, na familia ikapewa Sh1,000 za sare na vifaa. Busia, alama zilipanda hata kwa wasichana ambao hawakuwa na matumaini makubwa ya kushinda, na walimu nao wakahudhuria zaidi. Teso, ambako baadhi ya wazazi hawakuuamini mradi na shule kadhaa zikajitoa, mafanikio hayo hayakuonekana wazi.

Kwa hiyo, mkutano wa wazazi ukiitwa kujadili msaada, nenda na maswali haya:

• Ni watoto gani wanaokosa shule, na kwa nini? Ombeni daftari la mahudhurio kabla ya kuandika orodha ya mahitaji.

• Watoto walipewa dawa ya minyoo mara ya mwisho lini? Maeneo yenye minyoo mingi huhitaji dawa mara moja au mbili kwa mwaka. Ulizeni kituo cha afya kilicho karibu.

• Je, kuna choo kisafi, maji na sabuni? Dawa huua minyoo iliyo tumboni, lakini haimkingi mtoto asiambukizwe tena.

• Kitakacholetwa, je, mtoto wa kawaida darasani anaweza kukitumia, au kitawafaa wachache tu?

• Fedha zikiisha, nani ataendeleza? Na nani atawasomea wazazi hesabu?

Swali la kwanza halihitaji kumsubiri mfadhili. Mwalimu wa darasa anaweza kulijibu wiki hii, na huenda mkagundua kwamba kinachowaweka watoto nyumbani kinagharimu kidogo kuliko mlivyodhani.