Kijana Anayejidharau na Kujiumiza

Leo tunataka kuwaeleza jambo ambalo jamaa nyingi hulificha. Wako vijana, wavulana kwa wasichana, wanaojiumiza mwili kwa mikono yao wenyewe. Mama humwona binti yake akivaa nguo ya mikono mirefu shambani kwenye jua kali, hataki kuoga mtoni pamoja na wenzake, naye akiulizwa asema, "Ni miiba." Siku moja alama zaonekana, na nyumba yote yafadhaika. Mmoja asema ni ukaidi, mwingine asema ni ulozi.

Tufungue Injili ya Marko, sura ya 5. Katika nchi ya Wagerasi palikuwa na mtu aliyekaa makaburini, akipiga kelele usiku na mchana na kujikata kwa mawe. Watu wa kwao walijua dawa moja tu, kumfunga kwa pingu na minyororo, naye akaivunja. Yezu hakuleta mnyororo. Alimwuliza jina lake. Baadaye watu wakamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu. Mwinjili asema kwamba mtu yule alikuwa na pepo. Lakini hatuna ruhusa ya kusema kwamba kila kijana anayejiumiza ana pepo, wala kumpeleka katika vyumba vya maombi ambamo watoto hunyimwa chakula na kupigwa. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto, yamwadhibu anayemsingizia mtoto ulozi. Tunachoshika katika Injili hii ni lile swali.

Kwa nini kijana hujiumiza? Mara nyingi hatafuti kufa. Moyoni mna uchungu asioweza kuutamka, na maumivu ya mwili humtuliza kitambo kidogo. Kisha aibu yaja, uchungu waongezeka, naye arudia. Mmoja ameshindwa mtihani. Mwingine ni yatima, na kwa baba mdogo wanamhesabia kila tonge la ugali. Mwingine alitendwa jeuri na mtu mzima, wakati wa vita au nyumbani mwenyewe, naye aogopa kusema. Wengi wamesikia tangu utoto, "Wewe si kitu, mtazame mwenzako." Sisi makatekista twajua nguvu ya kurudiarudia maneno, kwani ndivyo tunavyofundisha sala. Neno la dharau likirudiwa kila siku, mtoto hulisadiki vilevile.

Basi wazazi wafanye nini? Wasimpige, wasimcheke, wala wasimwonyeshe kwa majirani. Kumwapisha mbele ya msalaba kwamba hatarudia hakufai: akirudia atakuwa na aibu mbili, na ataficha zaidi. Afadhali mtu mmoja anayeaminiwa naye, labda shangazi au nyanya, akae naye pembeni wakimenya mihogo, aseme, "Mwanangu, niliona mkono wako. Sikukasirikii. Niambie kinachokuuma." Kisha anyamaze. Kunyamaza huku ni kugumu, hasa kwetu tuliozoea kufundisha. Kijana akitoa neno moja tu siku ile, yatosha; kesho mihogo itakuwapo tena.

Liko swali ambalo watu huliogopa: "Je, wafikiri kujiua?" Wadhani kwamba kuuliza kutamtia wazo hilo. Sivyo. Waganga waliolichunguza jambo hili waona kwamba kuuliza kwa upole hakumtii mtu wazo la kufa, bali humfungulia mlango wa kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata usiku. Sumu za shamba, vidonge na visu viondolewe. Apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Kama amekwisha kunywa sumu, asitapishwe, akimbizwe kwa mganga. Wala shangazi asimwahidi kwamba atalificha jambo hilo. Siri isiyofunuliwa kamwe ni ya padri katika kitubio, na kitubio chenyewe si badala ya mganga.

Wazee wangali wanasimulia kwamba aliyejiua hazikwi na Kanisa. Ndivyo ilivyoamuru Sheria ya Kanisa ya 1917 kwa aliyejiua kwa kusudi. Sheria ya 1983 haina tena katazo hilo, na Katekisimu ya 1992 yafundisha kwamba kujiua ni kosa zito, lakini hofu kuu au ugonjwa wa akili huweza kupunguza hatia ya mtu. Kijana asitishwe kwa moto wa milele. Ameshajihukumu vya kutosha.

Ugonjwa ukizidi nguvu za kituo cha afya, mganga atamtuma mbele. Huko Bukavu Mabruda wa Upendo wana nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa akili, iitwayo SOSAME. Kumpeleka kijana mahali kama hapo si kumwita kichaa.

Mtu yule wa Wagerasi alitaka kupanda mtumbwini pamoja na Yezu, lakini Yezu alimrudisha nyumbani kwa watu wake. Jamaa basi impe kijana kazi za kuaminiwa: kuhesabu fedha za soko, kumfundisha mdogo wake kusoma. Asifiwe kwa kazi aliyoifanya kweli, maana vijana huitambua sifa ya uongo upesi. Makovu yatabaki. Wenzake wakimwuliza kisimani, ajibu mwenyewe apendavyo, au asijibu.